Kitanda cha Mtoto na Nguo Yake ya Rangi

Siku moja wakati wa kiangazi, basi litokalo Dar es Salaam lilisimama hapa Mkongo, nalo lilikuwa limechukua juu ya paa lake kitanda kidogo cha mtoto. Kitanda hicho kilikuwa kimenunuliwa mjini na dada yangu, mahali pauzwapo vyombo vya nyumbani vilivyokwisha kutumiwa. Dada yangu alikuwa mjamzito, akitazamia kujifungua baada ya miezi miwili. Kitanda kilikuwa cha mbao nzito, chenye matendegu manne, na fito pande zote ili mtoto asianguke. Kilikuwa kimepakwa rangi ya manjano. Bila shaka zamani rangi ile iling'aa, lakini sasa ilikuwa imepasuka, na mahali pengine imebanduka kama magamba ya samaki.

Dada yangu akaniambia, "Kaka, mbao ni nzima, ila rangi ndiyo iliyochakaa. Je, wanafunzi wako hawawezi kuikwangua kwa msasa na kukipaka rangi mpya? Napenda mtoto akizaliwa akikute kitanda chake kinapendeza."

Nilikuwa karibu kumjibu, "Kazi hiyo ni rahisi." Lakini nilipoinama nikitazame vizuri, niliona jambo lililoninyamazisha. Juu ya ubao wa ubavuni, ule ambao mtoto huushika asimamapo, palikuwa na alama ndogo nyingi, mbili mbili, kana kwamba mtu amezichonga kwa patasi. Zilikuwa alama za meno. Mtoto wa kwanza aliyelala humo, ambaye sisi hatumjui, alikuwa akisimama na kuutafuna ubao ule, kama wafanyavyo watoto wote wakati wa kuota meno. Mahali hapo palipotafunwa hapakuwa na rangi tena. Basi rangi ile ilikwenda wapi?

Wanafunzi, somo hili limetoka katika swali hilo. Tutajifunza namna ya kukipa uhai mpya kitanda, kiti au dawati la mtoto lililochakaa. Lakini kabla ya kushika brashi tutajifunza jambo lililo kubwa kuliko brashi, yaani kujua ni kitu gani kilichomo ndani ya rangi ya zamani.

Mbao njema haifai kutupwa

Kwanza tujiulize: kwa nini mtu asikitupe kitanda cha zamani akanunua kipya? Sisi watu wa Mkongo twaweza kujibu vizuri, maana jina la kijiji chetu ni jina la mti pia. Mti wa mkongo, ambao watu wengine wa pwani huuita mbambakofi, mnaufahamu kwa maganda yake mapana na magumu. Yakipasuka huonyesha mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, nazo watoto hupenda kuziokota na kuzichezea. Mbao zake ni nzito, zina rangi ya hudhurungi yenye wekundu, tena mchwa hawazishambulii kwa urahisi. Lakini mti huu hukua polepole sana. Mtu aupandaye leo hatapasua yeye mbao pana kutoka katika shina lake; huenda wajukuu wake ndio watakaozipasua. Hata hivyo, msumeno huuangusha kwa saa moja tu. Ndivyo ilivyo kwa mninga na mvule pia.

Kwa hiyo kiti chenye mbao nzima kikitupwa kwa sababu ya sura yake tu, tumetupa miaka mingi ya mvua na jua. Tena kitanda cha mtoto kina jambo lake la pekee. Mtoto hukitumia miaka miwili au mitatu, kisha miguu yake hugusa mwisho wa kitanda, akakiacha. Kitanda hakijazeeka, mtoto ndiye aliyekua. Nacho chaweza kumlea mdogo wake, na mtoto wa jirani, na wengine baadaye.

Zaidi ya hayo, si kila mtu ana fedha za kununua kitu kipya. Mwaka 2024 mafuriko makubwa yalifunika mashamba na nyumba nyingi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mtu aliyepotewa na vyombo vyake kwa maji hana budi kuanza na kile akipatacho. Kununua kitu kilichokwisha kutumiwa si aibu, ni akili. Lakini akili hiyo lazima ikamilike kwa maarifa.

Rangi ni kitu gani?

Watu wa pwani walijua tangu kale kwamba mbao zina maadui watatu: maji, jua na wadudu. Maji huzivimbisha wakati wa masika. Jua huzikausha na kuzipasua wakati wa kiangazi. Na wadudu huzibungua, wakaacha unga mwembamba chini. Ndiyo sababu mabaharia waliupaka ubavu wa jahazi sifa, yaani mafuta yatokanayo na maini ya papa. Na sehemu ikaayo chini ya maji waliipaka deheni, nayo ni chokaa iliyochanganywa na shahamu. Chombo kisichopakwa hakikudumu.

Rangi tununuayo dukani leo hufanya kazi ile ile. Ukifungua kopo utaona uji mzito wa namna moja, lakini kwa kweli vimo vitu vitatu. Cha kwanza ni unga laini sana uletao rangi yenyewe, nyeupe au nyekundu au nyingine. Cha pili ni kitu kama gundi, kinachoushika unga huo na kuugandamiza juu ya mbao. Cha tatu ni maji au mafuta mepesi ya kuulainisha uji, ili brashi ipate kuutandaza. Rangi ikaukapo, kile cha tatu hupaa hewani, nacho ndicho kinachonuka. Vile viwili vya kwanza hubaki, vikawa ngozi nyembamba juu ya mbao.

Basi twaweza kusema kwamba rangi ni nguo ya mbao. Huifunika isiumizwe na maji na jua, nayo huipamba pia. Lakini wazee wetu walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Na katika rangi nyingi za zamani, kilichokuwa kikiwala watoto kilikuwa ndani ya nguo hiyo hiyo.

Risasi iliyojificha

Nyote mmeona chubwi, vile vipande vizito ambavyo wavuvi hufunga katika nyavu ili zizame. Chubwi nyingi hufanywa kwa madini ya risasi. Risasi ni madini laini, hukunjika kwa mkono, nayo ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 11. Chubwi katika wavu ina manufaa. Lakini risasi ikisagwa ikawa unga, kisha ikaingia mwilini mwa mtu, huwa sumu.

Labda mtauliza, "Kwa nini mtu atie sumu katika rangi?" Watengenezaji wa rangi hawakutaka kuua watu. Waliona kwamba unga mweupe wa risasi hufunika mbao vizuri, hukausha rangi upesi, tena huifanya idumu katika mvua. Waliona pia kwamba risasi ikichanganywa na madini mengine hutoa manjano na rangi ya chungwa zing'aazo sana. Ndiyo sababu rangi za mafuta zenye kung'aa, hasa za manjano, za chungwa na nyekundu, ndizo zilizokuwa na risasi nyingi mara kwa mara. Nazo ndizo rangi ambazo watu hupenda kuzipaka katika vitu vya watoto!

Habari ya madhara yake si ngeni. Katika mji wa Brisbane, nchi ya Australia, daktari mmoja aitwaye John Lockhart Gibson alikuwa akiwatibu watoto walioumwa tumbo, waliodhoofika viungo, na wengine walioharibika macho. Mwaka 1904 aliandika kwamba chanzo cha ugonjwa ni rangi ya barazani mwa nyumba zao. Jua kali liliigeuza rangi ile kuwa unga. Watoto walishika vyuma na mbao za baraza wakicheza, kisha wakatia vidole mdomoni. Watu wengi hawakumsadiki upesi. Hata mwaka 1922 ndipo serikali ya huko ilipotunga sheria ya kuzuia rangi ya risasi mahali panapofikiwa na watoto. Mwaka 1921, katika mji wa Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa lilikuwa limekwisha kufanya mkataba wa kuzuia unga mweupe wa risasi usitumiwe katika kupaka rangi ndani ya majengo. Walakini nchi nyingine zilikawia sana. Marekani ilipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978.

Na kwetu je? Mwaka 2009 shirika la Dar es Salaam liitwalo AGENDA lilishiriki pamoja na watu wa nchi nyingine katika kupima rangi zilizouzwa madukani, na rangi za mafuta kutoka Tanzania zikaonekana kuwa na risasi pia. Kwa hiyo msidhani kwamba hatari hii ni ya vitu vya wazee wetu peke yake. Kitanda kilichopakwa rangi wakati kaka na dada zenu walipokuwa wachanga chaweza kuwa nayo.

Umoja wa Mataifa hushauri kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika sehemu milioni moja za rangi. Maana yake, katika kilo 1,000 za rangi iliyokauka risasi isizidi gramu 90. Tazameni jinsi kipimo hiki kilivyo kidogo! Nalo Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi chochote cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa ni salama.

Kwa nini watoto hasa?

Mtu mzima na mtoto wakimeza risasi kiasi kimoja, mwili wa mtoto mdogo hunyonya mara 4 au 5 zaidi kuliko mwili wa mtu mzima. Mwili wake unajengwa. Unatafuta madini ya kujenga mifupa na damu, nao hudanganyika, ukaipokea risasi kana kwamba ni chakula. Risasi huenda katika damu, ikafika katika ubongo, na nyingine ikajiweka katika mifupa na meno, ikakaa humo miaka mingi. Mwanamke awapo mjamzito, risasi iliyokuwa mifupani mwake huweza kutoka, ikamfikia mtoto aliye tumboni.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba haipigi kelele. Homa hutetemesha mwili, na kidonda huuma. Lakini mtoto mwenye risasi kidogo katika damu huonekana mzima. Hucheza kama wenzake. Ila darasani huwa mzito wa kukumbuka, hawezi kutulia, husoma mstari akausahau. Watu husema, "Mtoto huyu ni mvivu," kumbe si mvivu. Na ubongo ukiisha kudhurika kwa risasi, hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Ndiyo sababu kinga ni kila kitu.

Hapa napenda kukiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule nyingine, niliwapa wanafunzi kazi ya kutengeneza madawati ya zamani. Tulikaa chini ya mwembe, tukayakwangua kwa msasa mkavu kutwa nzima. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya mikono na nyusi zetu, nasi tulichekana kwa sababu tulifanana na watu waliopakwa unga. Adhuhuri wanafunzi waliokota maembe, wakayala bila kunawa. Nami niliwasifu kwa bidii yao. Sijui kama rangi ile ilikuwa na risasi. Hakuna aliyeipima, nami sikujua kuuliza. Nilipokuja kusoma habari hizi baadaye, niliwakumbuka mmoja mmoja kwa nyuso zao. Nawaambia ninyi ili msije mkabeba ukumbusho kama wangu.

Namna ya kukichunguza kitu cha zamani

Rangi yenye risasi na isiyo na risasi hufanana kwa macho. Mafundi wa maabara huweza kuzitofautisha kwa vyombo vyao. Sisi kijijini hatuwezi. Basi kanuni yetu ni moja: kila rangi ya mafuta ya zamani tuihesabu kuwa ina risasi, maadamu hatujui.

Ukiletewa kitanda au kiti cha mtoto kilichotumika, jiulize maswali manne.

La kwanza, je, mbao zenyewe ni nzima? Bonyeza kwa ukucha na kwa ncha ya kisu. Zikiingia kama muhogo uliooza, au ukiona matundu madogo na unga mpya chini yake, wadudu wangali wanakula. Sehemu hiyo lazima iondolewe. Usiipake oili chafu ya magari, kama watu wafanyavyo kwa nguzo na boriti. Oili hiyo haifai kabisa kukaa karibu na ngozi ya mtoto.

La pili, je, kimeungwa vizuri? Kitikise. Matendegu yakicheza katika mifumbati, au misumari ikitokeza vichwa, fundi ayakaze kwanza. Rangi haiungi kilichoachana.

La tatu, ikiwa ni kitanda chenye fito, nafasi kati ya ufito na ufito ni ya kiasi gani? Isizidi sentimita 6. Ikizidi, mwili wa mtoto waweza kupenya na kichwa kikanaswa.

La nne, je, rangi imeshika au imebanduka? Na je, ipo mahali ambapo mtoto aweza kutia mdomo?

Swali hili la mwisho ndilo linaloamua kazi yote. Rangi ikiwa imeshika imara, tena haipo mahali pa kutafunwa, ni afadhali kuiacha hapo ilipo, kuiosha, na kuifunika kwa rangi mpya. Sumu iliyofungwa haitembei. Lakini rangi ikiwa inabanduka mahali pa kutafunwa, kuifunika hakutoshi, kwa maana mtoto atautafuna upya kwanza, kisha aufikie ukale.

Kazi yenyewe

Sasa nitawaeleza tulivyofanya kwa kitanda cha dada yangu. Kazi ya kugusa rangi ya zamani ilikuwa yangu na ya fundi seremala mmoja wa hapa, tukiwa watu wazima wawili. Dada yangu tulimwomba akae mbali kabisa kwa sababu ya mimba. Wanafunzi tuliwaita baadaye tu, wakati hatari ilipokwisha kupita. Ninyi pia msiikwangue rangi ya zamani kwa mikono yenu, hata mkiombwa na mtu mkubwa. Mwelezeni kwa adabu sababu yake.

Tulichagua mahali pa wazi, mbali na kisima, mbali na bustani ya mboga, tena pasipo kuku. Kuku hudonoa magamba ya rangi, na risasi ikaingia katika mayai. Tukatandika turubai la plastiki chini. Fundi akang'oa ubao uliotafunwa pamoja na fito zote za manjano, kwa maana hizo ndizo zilizobanduka na ndizo zilizofikiwa na mdomo. Hatukuzikata kwa msumeno, ili zisitoe vumbi. Jirani mmoja alipita akasema, "Mwalimu, kuni nzuri hizo!" Nikamjibu kwamba mbao zilizopakwa rangi ya zamani hazifai kuwa kuni, kwa kuwa moto hauiui risasi. Huipeleka katika moshi na katika majivu, ikashuka juu ya chakula na juu ya watu waliokaa jikoni.

Matendegu na mifumbati ya chini ilikuwa na rangi iliyoshika vizuri. Tuliiosha kwa sabuni na maji, kisha tukaisugua kidogo kwa msasa wa maji, tukiilowanisha daima kwa kitambaa, ili mng'ao uondoke na rangi mpya ipate pa kushika. Jambo hili lishikeni: maji ndiyo rafiki wa kazi hii. Rangi ikiwa kavu hutoa vumbi. Vumbi huruka, huingia puani, hutua juu ya mkeka na nguo, nalo halionekani. Rangi ikiwa imelowa hutoa tope tu, na tope hufutwa. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi jembamba la risasi. Tena msitumie moto kuibabua rangi ya zamani, wala mashine ya kusugulia.

Tulipokwisha, tulifuta kila mahali mara mbili kwa vitambaa vilivyolowa. Tope, vitambaa na msasa tulivikusanya ndani ya turubai lile lile, tukavitia katika mfuko mzito na kuufunga. Hatukuvitupa mtoni wala bondeni, kwa kuwa Mto Rufiji hufurika, na lile litupwalo bondeni leo hurudi mashambani kesho. Tulimwuliza bwana afya mahali pa kuupeleka mfuko huo pamoja na zile fito. Kisha tukanawa mikono na nyuso kwa sabuni, tukabadili nguo, na zile za kazi zikafuliwa peke yake.

Siku ya pili wanafunzi wakaja. Fundi alikuwa amekwisha kuranda fito mpya za mninga na ubao mpya wa ubavuni. Wanafunzi walizilainisha kwa msasa, nazo hazikuwa na rangi wala sumu, ingawa hata hivyo tuliwaagiza wasivute vumbi la mbao. Mashimo madogo katika mifumbati yalizibwa kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa mbao hizo hizo. Kisha tukafungua kopo la rangi ya maji, ambalo juu yake pameandikwa kwamba haina risasi.

Upakaji wa rangi ni kazi ya subira. Koroga kopo mpaka chini, maana ule unga mzito hujilaza chini. Chovya ncha ya brashi tu, usiizamishe yote. Paka kwa kufuata nyuzi za mbao, mkono wa kwanza uwe mwembamba. Uache ukauke vizuri kivulini, si juani, kwa kuwa jua hukausha juu upesi, na ndani kukabaki kubichi. Kisha paka mkono wa pili. Mtu mwenye haraka hupaka mkono mmoja mzito. Nao hutiririka kama machozi, na baada ya miezi michache hubanduka. Mikono miwili myembamba hushinda mkono mmoja mzito.

Matendegu na mifumbati tuliipaka rangi ya samawati. Lakini ubao wa juu na fito hatukuzipaka kitu chochote. Tuliziacha na rangi ile Mungu aliyoupa mninga. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona kitanda hakijakamilika?" Nikamwambia kwamba kimekamilika sana, tena sehemu isiyopakwa ndiyo iliyofanywa kwa akili nyingi kuliko iliyopakwa. Baada ya hapo tulikiacha kitanda mahali penye hewa kwa siku nyingi, mpaka harufu yote ikaisha.

Mambo ya kukumbuka nyumbani

Wengi wenu mna wadogo zenu. Hata kama hakuna kitanda cha kupaka rangi, yapo mambo mwezayo kuyafanya. Mkiona mlango, dirisha au kiti chenye rangi ya zamani inayobanduka, waambieni wazazi, na mtoto mchanga asikae hapo. Mahali hapo pafutwe kwa kitambaa kilicholowa, pasifagiliwe kukavu. Wanawisheni wadogo zenu mikono kabla ya kula, na vitu vyao vya kuchezea vioshwe. Chakula chenye madini ya kujenga mwili, kama dagaa, mchicha na matembele, kina msaada pia, kwa sababu mwili ulioshiba madini mema hupokea risasi kidogo zaidi. Na mtu akienda dukani kununua rangi ya vitu vya watoto, asitazame kung'aa peke yake. Asome kopo, amwulize mwuza duka kama haina risasi. Mtoto akidhaniwa kuwa amekula magamba ya rangi ya zamani, apelekwe kwa mganga wa zahanati, naye ataeleza mahali pa kupimwa damu.

Dada yangu alijifungua salama mtoto wa kike. Sasa ameota meno mawili ya chini, na kila asubuhi husimama katika kitanda chake, akaushika ubao wa ubavuni na kuutafuna kwa bidii. Alama zimekwisha kuonekana, ndogo, mbili mbili, kama zile nilizoziona siku ile basi lilipofika. Mama yake huziona, naye haogopi. Mtoto anatafuna mti tu.

Maswali

1. Kwa nini mwalimu hakukubali mara moja ombi la dada yake?
2. Taja vitu vitatu vilivyomo ndani ya rangi, na kazi ya kila kimoja.
3. Kwa nini risasi huwadhuru watoto zaidi kuliko watu wazima?
4. Kwa nini fito za zamani hazikufanywa kuni?
5. Tazama nyumbani kwenu kitu kimoja kilichopakwa rangi zamani. Andika habari zake: ni cha mbao gani, rangi yake imeshika au imebanduka, na ungeshauri kifanyiwe nini.